Unyayo Juu ya Boksi

Nilifika soko la Memorial na kucha mbili nyeusi,
ya kidole gumba cha kulia na ya jirani yake,
zimefia ndani ya raba nyeupe nilizonunua
karibu na Mnara wa Saa, duka lenye feni na risiti,
kwa sababu zilikuwa nzuri.
Basi. Zilikuwa nzuri.

Mrindoko hakuzisifu. "Vua. Na soksi."
Akamimina maji kwenye beseni,
akararua boksi la biskuti, akalitandika chini.
"Chovya, kisha kanyaga. Simama
kama unavyosimama kwenye foleni ya dawa,
si kama unavyosimama kwenye picha."

Nikakanyaga, nikatoka.
Mguu wote ukabaki pale:
hauna upinde, hauna kiuno,
chapati iliyosukumwa na mtoto.
Nikaona aibu, kama niliyesomewa barua yangu
mbele za watu.

"Huu mguu wa nani?"
Nikadhani mzaha. Kisha nikauona
kwenye matope ya Uru, mwezi wa nne,
mama kaenda mbele na mkungu kichwani
nasi watoto nyuma tukitia miguu yetu
katika alama zake pana zisizo na pengo,
tusiteleze.
"Wa Ndeshimuni," nikasema. "Mama yangu."
"Basi usiufinye. Utafutie kitanda."

Akapindua raba zangu, akazisoma soli
kama mwenye duka anavyosoma daftari la madeni.
"Unalalia ndani. Ona kisigino kilivyoliwa huku.
Na goti linakuuma ukishuka, siyo ukipanda."
Habari ya goti sikuwa nimemwambia.

"Kilo?"
Muuza mashuka wa jirani akaacha kukunja.
"Tisini na mbili," nikasema, kwa sauti ya kilo sitini.
"Hilo si kosa, ni kipimo.
Lori la kokoto halifungwi tairi za baiskeli."

Nilikuwa nimeshika nyekundu, nyepesi kama ganda la yai.
Akaninyang'anya. "Hizi za kijana wa Mweka,
anashuka na kupanda kabla chai haijapoa."
Za bluu zikanibana ubavuni.
Za kijani nikazipenda, zikapwaya nyuma,
kila hatua kisigino kikiaga.

Halafu akavuta kutoka chini ya lundo
jozi ya rangi ya maji ya kudekia.
Akaikunja: ikakunjika penye vidole, si katikati.
Akabonyeza ukuta wa ndani, haukubonyea.
Akatia gumba lake mbele ya kidole changu kirefu,
gumba lenye gundi kavu ya miaka,
likaenea.
"Kushoto kwako ni kukubwa, hukujua?
Pimia huko. Mdogo utasamehe, mkubwa hausamehi.
Na umefanya vizuri kuja saa kumi na moja hii,
mguu wa asubuhi husema uongo."

"Ni mbaya," nikasema.
"Utaziangalia au utazikimbilia?
Haya, mpaka kwa yule wa mapazia, urudi."

Nikakimbia.
Kati ya sweta za baridi za watu wa mbali
na mabegi ya shule yenye majina ya watoto wasiojulikana,
mama wa miaka arobaini na saba, sketi mkononi,
vijana wakipiga miluzi, mmoja akihesabu sekunde.
Nilipogeuka kwenye mapazia ndipo nikagundua
nimesahau kulisikiliza goti.

Elfu thelathini na tano. Hakupunguza hata mia,
akaniongezea kamba za viatu na karipio:
wiki ya kwanza, Rau na kurudi, usijifanye.
Zile nyeupe akazipandisha kileleni mwa lundo.
"Hizi nazo zina mtu wake," akasema,
akazipangusa vumbi, kwa heshima kabisa.

Boksi nililiomba, nikaondoka nalo kwapani.
Kabla sijafika Majengo lilikuwa limekauka,
unyayo umetoweka, limebaki jina la biskuti.
Lipo mpaka leo, nyuma ya kabati.